Watu Waliomo Ndani ya Nyimbo Tunazozipenda

Ikifika Desemba, barabara ya kutoka Arusha hadi Moshi hujaa watu wanaorudi nyumbani kula sikukuu, na kuanzia Kwa Sadala hadi migombani Marangu na Rombo, muziki wa kundi la Boney M. husikika kila penye spika. Nimekulia katika muziki huo. Wazazi wetu waliucheza, sisi tuliucheza, na sasa wanetu wanaucheza bila hata kuijua lugha inayoimbwa humo. Mwanamke jambazi wa wimbo wa "Ma Baker" wa mwaka 1977, ambaye kila mtoto wa Kichaga amewahi kumrukia sebuleni kwa bibi yake siku ya Krismasi, hakubuniwa. Alikuwa Mmarekani aliyejulikana kwa jina la Kate Barker, mama wa watoto wanne wa kiume, na jina Barker liligeuzwa kuwa Baker kwa sababu lilikaa vizuri zaidi katika wimbo.

Mama huyo aliuawa tarehe 16 Januari 1935, pamoja na mwanawe Fred, katika nyumba waliyokuwa wamepanga kando ya ziwa huko Florida, baada ya maofisa wa upelelezi kuizingira na kurushiana nao risasi kwa saa kadhaa. Idara ya upelelezi ya Marekani, iliyoongozwa na J. Edgar Hoover, ilitangaza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akili ya genge lote, mama katili aliyewalea wanawe katika wizi na kuwapangia kila tukio. Waliolijua genge lile kwa karibu walisema mengine. Harvey Bailey, mwizi wa mabenki aliyefahamiana na familia hiyo, alieleza baadaye kwamba mama yule hakuweza kupanga hata kifungua kinywa, na waandishi wengi waliochunguza habari zake wameona kwamba alikuwa mzazi aliyejua uovu wa wanawe, akahamahama nao na kula fedha zao, lakini hakuwa kamanda wao. Wimbo uliyapokea maelezo ya wakubwa, ukayatia ngoma, ukayasambaza duniani. Matamko mangapi ya serikali ya miaka ile yamekwisha kusahauliwa? Hili halisahauliki, kwa sababu linachezeka.

Kundi hilohilo liliimba juu ya Rasputin, mkulima wa Siberia aliyejipatia sifa ya utakatifu na kuuawa Desemba 1916. Wimbo unagusia kwamba malkia wa Urusi alimwamini kwa sababu ya mwanawe mgonjwa, jambo ambalo ni kweli na lenye kuhuzunisha, maana mtoto yule alikuwa na ugonjwa wa damu isiyoganda na mama yake alikuwa tayari kumshika mkono mtu yeyote aliyemwahidi nafuu. Lakini kiitikio, ambacho ndicho kinachokaa kichwani mwa watu, kinamfanya Rasputin kuwa mpenzi wa malkia, na wanahistoria hawajapata ushahidi wa jambo hilo. Mama aliyekuwa akimhangaikia mtoto wake amegeuzwa kuwa mke mwenye hawara, na dunia nzima inapiga makofi.

Tangu nilipoanza kusoma habari hizi, kila ninaposikia wimbo wenye mtu ndani yake huwa najiuliza swali moja: mtu huyo alichukuliwa nini, naye alirudishiwa nini? Najua wapo watakaosema kwamba wimbo ni burudani na haudaiwi haki na mtu. Mimi siamini hivyo. Sisi ni watu ambao tangu zamani tumetumia nyimbo kumsifu mtu, kumwonya, kumsuta na kumzika, na mtu aliyesutwa katika ngoma alijua kwamba amehukumiwa mbele ya mji mzima. Hatuwezi kudai kwamba nyimbo zina nguvu zinapotufurahisha, kisha tukadai kwamba hazina nguvu zinapomuumiza mwingine.

Uko wimbo mmoja ambao naona umetenda haki kwa namna ya pekee, nao ni "Jolene" wa Dolly Parton. Huku kaskazini muziki wa kantri una wapenzi wengi kuliko watu wa pwani wanavyodhani. Wazee wetu wanamjua Jim Reeves kama wanavyomjua jirani, na Dolly amewafuata kwa karibu. Wimbo huo ulitoka mwaka 1973. Ndani yake mwanamke anamsihi mwanamke mwingine mzuri kuliko yeye asimnyang'anye mumewe. Dolly ameeleza mara nyingi asili yake: muda si mrefu baada ya kuolewa na Carl Dean, mwaka 1966, mfanyakazi mmoja wa benki mwenye nywele nyekundu alianza kumchangamkia mumewe kupita kiasi, na mume naye akawa haishi safari za benki. Wivu na hofu vya wimbo vilitoka kwa karani huyo. Jina, hata hivyo, halikutoka kwake. Lilitoka kwa mtoto wa kike wa miaka kama minane, mwenye nywele nyekundu, ngozi nyeupe na macho ya kijani, aliyemfuata jukwaani kuomba saini. Dolly alimuuliza jina, mtoto akajibu kwamba anaitwa Jolene, na mwimbaji akaondoka akilirudiarudia jina hilo mdomoni ili lisimpotee kabla hajaliandika.

Tazama jinsi mgawanyo huo ulivyofanyika. Karani wa benki ametoa kosa lake, ambalo huenda lilikuwa tabasamu tu, lakini hakutajwa jina wala benki yake, na hakuna mtu aliyeweza kumnyooshea kidole mtaani. Mtoto ametoa jina na sura yake, lakini kila anayesimuliwa asili ya jina lile anaambiwa pia kwamba lilitoka kwa mtoto mzuri asiye na hatia. Na Jolene wa ndani ya wimbo, ukimsikiliza vizuri, hafanyi lolote. Hasemi neno. Anayejianika ni mwimbaji mwenyewe, ambaye amekubali kuonekana mnyonge mbele ya wasikilizaji wote. Kwangu huo ndio uungwana wa mtunzi: kuchukua kidogo kidogo kutoka kwa watu wengi, na kuchukua kingi kutoka kwake mwenyewe.

Michael Jackson alifuata njia inayokaribiana na hiyo. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1988 aliandika kwamba hapakuwahi kuwa na Billie Jean wa kweli, bali alimuunda kutokana na wanawake kadhaa waliowasumbua kaka zake katika miaka ya safari zao za muziki. Pamoja na hayo, watu hawajaacha kumtafuta mwanamke mmoja wa kumbebesha wimbo huo. Hamu ya msikilizaji ya kumpata mtu halisi haizimwi hata mtunzi anapoikataa waziwazi.

Kuna wakati mtu halisi hufurahia kujulikana, kisha furaha hiyo ikapelekwa mahakamani. Msichana aliyekuwa akipita mbele ya baa ya Veloso mjini Rio de Janeiro, ambako Tom Jobim na Vinicius de Moraes walikuwa wakiketi, ndiye aliyewapa wimbo wa msichana wa Ipanema mwaka 1962. Anaitwa Helô Pinheiro, na watunzi wenyewe walimtambua hadharani. Miaka mingi baadaye alipofungua duka la nguo na kulipa jina la wimbo ule, warithi wa watunzi walimshitaki mwaka 2001 wakidai kwamba hana haki ya kulitumia. Mahakama ilimpa ushindi. Nimeisoma habari hiyo kwa mshangao: mwili wake, mwendo wake na ujana wake vilitumika bila malipo, na siku alipotaka kutumia jina alilopewa na wimbo, aliambiwa kwamba si lake.

Hapa Arusha mwimbaji wa nje anayependwa kuliko wote ni Bob Marley, na sidhani kama kuna atakayenibishia. Picha yake iko kwenye vioo vya Hiace, kwenye kuta za vinyozi wa Ngarenaro, kwenye fulana za madereva wa bodaboda wanaongojea abiria pale Kilombero. Wimbo wa "No Woman, No Cry", uliotoka katika albamu ya mwaka 1974 na kupata umaarufu mkubwa kwa toleo lililorekodiwa jukwaani London mwaka 1975, unaimbwa na vijana wetu kwa moyo wote. Ndani yake yumo mtu anayeitwa Georgie, ambaye kazi yake ni kuwasha moto. Hafanyi lingine. Anawasha moto wa kuni usiku, na juu ya moto huo unapikwa uji wa unga wa mahindi ambao wenzake wanagawana.

Georgie alikuwepo. Alikuwa mkazi wa Trench Town, mtaa wa maskini mjini Kingston, Jamaika, na moto wake ulikuwa moto wa kweli katika ua wa nyumba za serikali ambako Marley na wenzake walikesha wakipiga gitaa. Napenda sana kwamba katika nyimbo zote nilizozitaja, huyu ndiye mtu aliyeingia kwa jina lake bila kusingiziwa kitu na bila kupambwa. Hakuimbwa kwa uzuri, hakuimbwa kwa uovu. Aliimbwa kwa kazi ndogo aliyowafanyia wenzake, na yeyote aliyewahi kuamka alfajiri ya baridi ya Juni chini ya Mlima Meru na kukuta mwenzake amekwisha kuwasha jiko anajua kwamba kazi hiyo si ndogo.

Mwingine aliyemo katika wimbo huo haonekani kwenye maneno bali kwenye karatasi. Mtunzi aliyeandikishwa si Marley. Ni Vincent Ford, rafiki yake wa Trench Town, ambaye ua wake ndio huo wa moto, na ambaye aliendesha jiko la kuwalisha wenye njaa mtaani. Ford aliugua kisukari, akakatwa miguu, akaishi kwenye kiti cha magurudumu hadi alipofariki Desemba 2008. Wapo wanaoamini kwamba Marley aliutunga mwenyewe wimbo huo na kumwandikia rafiki yake ili mapato yaendelee kulisha jiko lile na kumtunza mgonjwa. Suala la haki za nyimbo alizoandikishiwa Ford lilifika hadi mahakamani miaka ya 1980. Vyovyote ilivyokuwa, swali langu lina jibu hapa. Mtaa ulitoa moto, uji na ua, na mtaa ukarudishiwa kitu kinacholika.

Sasa nije kwetu, kwa "Malaika". Hakuna wimbo wa Kiswahili uliozunguka dunia kuliko huo. Miriam Makeba aliuimba, Boney M. waliurekodi mwaka 1981, na watalii wanaoshuka mlimani husalimiwa nao hotelini kabla hawajavua viatu. Kila mmoja anajua habari yake: kijana anampenda msichana, anataka kumuoa, mali hana. Aliyeurekodi na kuutangaza Afrika Mashariki ni Fadhili William wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini kuna dai la muda mrefu kwamba mtunzi wa awali ni Adam Salim, mtu wa Tanganyika, aliyesema kwamba aliutunga mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyempenda, ambaye wazazi walikataa uchumba wao na kumuoza kwa tajiri wa Kiasia. Wanaomtetea Fadhili nao wanasimulia habari ya msichana wa ujana wake. Kwa hiyo wimbo mmoja una wanaume wawili wanaougombea na wanawake wawili wanaosemwa kuwa ndio malaika wenyewe.

Ugomvi wa wanaume hao umeandikwa sana, kwa sababu una fedha ndani yake: nani alipwe, nani ameibiwa, kampuni ipi iliandikisha nini. Naheshimu ugomvi huo, maana wanamuziki wetu wameibiwa vya kutosha. Kinachonisikitisha ni kwamba katika kurasa zote nilizozisoma, mwanamke yule hutokea katika sentensi moja, akiozwa, kisha hupotea. Jina lake limechapishwa mara nyingi. Mimi siliandiki hapa, kwa kuwa sijaona mahali ambapo alikubali lichapishwe. Natamani kujua alipousikia wimbo ule redioni, ndani ya nyumba ya mume aliyepewa, aliongeza sauti au alizima. Kilio cha "Malaika" ni cha mwanaume aliyekosa mali, na ni kilio kizuri mno. Lakini aliyehamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine bila kuulizwa hakuwa yeye.

Wimbo unaonigusa kuliko yote, na ambao ningetaka vijana wa Arusha waujue kama wanavyomjua Marley, ni "Kijiti" wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika ukoo uliotoka utumwani. Alikuja mjini, akafundishwa kuimba, akawa mwimbaji mkuu wa taarabu ya Kiswahili, na mwaka 1928 alisafiri na kundi lake kwenda Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na ninamshauri kila msomaji ausome. Alifariki mwaka 1950. Nyimbo nyingi za kundi lake zilikuwa habari za mji: nani ameonewa mahakamani, nani ametapeliwa, tajiri yupi amemdhulumu maskini. Watu walikuwa wakikusanyika nyumbani kwake jioni, wakizungumza mambo ya siku hiyo, na mazungumzo yakageuka beti.

Kijiti alikuwa mtu wa Unguja. Mwanamke mmoja mjamzito alikuja kutoka Dar es Salaam kutembea, wenyeji wake wakatoka naye matembezini pamoja na mwanaume huyo, pakanywewa pombe, na kabla ya usiku kwisha mgeni yule alikuwa amechukuliwa vichakani, ameharibiwa na kuuawa. Kijiti alitorokea bara. Kwa mujibu wa kumbukumbu ambazo mwanahistoria Laura Fair alizikusanya kutoka kwa wazee wa Zanzibar, wanawake wenyeji walioifikisha kesi mahakamani waligeuziwa lawama na hakimu wa kikoloni kwa kuwa walitoka na mgeni na kunywa pombe, na adhabu ikawaangukia wao ilhali muuaji yuko huru. Mji ulikasirika, na Siti akaimba.

Wimbo huo haumwachii Kijiti nafasi ya kupumua. Unawaita watu wakitazame alichokifanya, unasimulia jinsi mgeni alivyochukuliwa akiwa hai na kurejeshwa akiwa maiti, na unamwonya muuaji asithubutu kukanyaga Dar es Salaam, kwa maana kila mtu huko anamlaani na anamngoja. Mahakama ilishindwa kumkamata. Wimbo ulikwenda kumsubiri bandarini. Wakati ule santuri zilikuwa zikisafiri kuliko gazeti lolote, zikipigwa kwa watu wasiojua kusoma, na mtu aliyetoroka aliweza kubadilisha jina lakini hakuweza kuzuia kisa chake kisiimbwe mbele yake.

Marekani nako kuna wimbo maarufu wa muuaji. Lee Shelton alimpiga risasi Billy Lyons baani huko St. Louis usiku wa Krismasi ya mwaka 1895, katika ugomvi uliohusu kofia, na akafia gerezani mwaka 1912. Nyimbo zilizotungwa juu yake, zikimwita Stagger Lee, zimeimbwa na kurekodiwa na wanamuziki wengi mno, na kadiri zilivyozidi kuimbwa ndivyo Shelton alivyozidi kuwa shujaa, dume lisiloogopa polisi wala shetani, huku Billy Lyons akibaki mtu wa kufa tu. Siti hakumfanya Kijiti kuwa dume. Alimfanya kuwa aibu. Hata hivyo, kuna jambo linanikaa moyoni: wimbo umebeba jina la muuaji, na beti zake za mwanzo zinamtaja marehemu kwa neno mgeni. Najua sababu ya kisanaa na ya kimila, kwamba anayesutwa ndiye anayetajwa. Lakini baada ya karibu miaka 100, aliyepata umaarufu ni Kijiti.

Katika muziki wa kizazi kipya yuko mhusika mmoja ambaye nchi nzima ilidai kumfahamu, yule mgombea wa "Ndio Mzee" wa Professor Jay, wa mwaka 2001, anayeahidi kila kitu huku wananchi wakimwitikia. Kila jimbo lilisema ameimbwa wa kwao. Mwaka 2015 Professor Jay mwenyewe aligombea ubunge, akashinda jimbo la Mikumi, na nadhani hakuna mtunzi mwingine wa kwetu aliyewahi kusimama jukwaani na kuomba kura mbele ya watu waliofundishwa na wimbo wake mwenyewe kutilia shaka ahadi.

Arusha yetu ina sehemu katika habari hii, ingawa haitajwi sana. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, waliotoka Tanga, walikuja hapa mwaka 1970 na pamoja na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz, kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Bendi za miaka ile ziliimba wanawake kwa majina: Marijani Rajab alituachia Zuwena na Georgina, na kila bendi ya mkoa ilikuwa na wake. Wanamuziki wa wakati huo wanaondoka mmoja mmoja, nao wanaondoka na majibu.

Mmoja wao ninamfahamu. Alipiga gitaa la kati katika bendi ya dansi ya hapa mjini, na siku hizi anatengeneza redio na simu katika kibanda karibu na Soko Kuu. Nilipomwamkia na kumuuliza juu ya mwanamke aliyeimbwa katika wimbo wao mmoja, aliweka chini chuma cha kuchomea risasi, akafuta mikono kwa kitambaa, akanivutia kigoda.

"Mwanangu," aliniambia, "jina lilikuwa la binti mmoja wa Sanawari, macho yalikuwa ya mwingine kabisa, na ugomvi ulikuwa wangu na mchumba wangu. Tulivichanganya kwa sababu wimbo ulikuwa unatakiwa Dar es Salaam kabla ya mwisho wa mwezi."

Walisafiri kwa basi hadi Redio Tanzania, wakarekodi, wakarudi. Wimbo ulisema kwamba mwanamke yule alimkimbia mwanaume kwa tamaa ya fedha. Ulipigwa redioni kwa muda mrefu, na binti wa Sanawari, ambaye alikuwa ametoa jina tu, akaanza kuitwa mpenda fedha na watu wasiomjua. Yule mchumba, ambaye ndiye hasa aliyeondoka, alikutana na mzee sokoni baada ya miaka na kumwambia maneno ambayo mzee aliyatamka huku akitazama redio iliyokuwa imefunguliwa mbele yake: "Umewaambia watu nimefuata hela. Mimi niliondoka kwa sababu ya pombe yako."

Nilimuuliza kwa nini bendi haikutunga wimbo wa kurekebisha jambo hilo, ilhali katika taarabu na katika dansi tuna desturi ya kale ya wimbo kujibiwa kwa wimbo, na vikundi vizima vimejijengea jina kwa kujibizana. Alisema kwamba kufikia wakati huo vyombo vya bendi vilikuwa vimechakaa na wenzake wametawanyika, na kwamba wale kina mama wawili hawakuwa waimbaji, kwa hiyo hawakuwa na mahali pa kujibia. Binti wa Sanawari sasa ni bibi mwenye wajukuu na bado anaishi hapa mjini. Nilimwomba mzee anifikishie salamu kwake, nipate kuusikia upande wake. Alikubali kwa masharti mawili: niende na dada yangu, si peke yangu, na niandike kile atakachokisema bibi mwenyewe, pasipo jina lake, kwa kuwa jina lake limekwisha kutumika vya kutosha.